Kesho Idd, na Shingo ya Baba Bado

Baba hakuwa mtu wa kunyoa ndevu. Alizifuga fupi, nyeupe, zimekatwa sawasawa, na kuanzia sikio moja hadi la pili mstari ulifuata taya kama uliopigwa kwa rula. Chini ya mstari huo shingo ilikuwa tupu. Huo mstari na hiyo shingo ndivyo vilivyokuwa umaridadi wake. Waliofanya naye kazi bandarini Kilindini walijua kwamba Ijumaa ukimwona bwana huyu shingo imeota vinyweleo, ujue ni mgonjwa. Kazi hiyo aliifanya mwenyewe, kwa mkono wa kulia. Kiharusi kilipomjia, upande uliopooza ukawa ni huo huo wa kulia.

Tukamwita kijana wa saluni ya mtaani aje nyumbani. Ndevu alizichonga vizuri, nimpe haki yake. Lakini shingoni mashine ya umeme iliacha vinywele vifupi vifupi vinavyokwaruza, na baba alipopitisha mkono wa kushoto alitikisa kichwa tu. Wembe yule kijana hakutaka kuugusa. Simlaumu. Tangu habari za Ukimwi zienee, vinyozi wa rika lake wamekulia kwenye mashine na spiriti. Wembe wa kupitishwa shingo hadi shingo ulikufa, na heri ulikufa, ila ujuzi wa kuushika nao ukazikwa pamoja nao.

Mwaka ule Ramadhani ilitimiza thelathini, kwa hiyo ule mzozo wetu wa kila mwaka wa nani kauona mwezi na nani hakuuona haukuwapo. Kesho Idd, hakuna shaka. Baada ya swala ya alasiri baba alikuwa amekaa uani kwenye kiti chake, mguu mbovu juu ya mto, mama jikoni na masufuria yake. Akaniita.

"Lete kisanduku."

"Baba, si bora nimtafute kinyozi?"

"Nimesema lete kisanduku."

Ulimi wake siku hizo ulikuwa mzito, maneno mengine yakimfia kinywani, lakini hayo yalitoka yamenyooka. Mama akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Huyo anakunywa aspirini, unajua wewe? Ukimkata, damu haishiki upesi." Kweli daktari alikuwa ametuonya: dawa ile inayozuia damu isigande na kuleta kiharusi kingine ndiyo hiyo hiyo inayofanya mkato mdogo uvuje kwa muda mrefu.

"Basi asinikate," baba akasema.

Kisanduku kilikuwa cha bati, cha biskuti za zamani. Ndani mlikuwa na kinyoleo chake cha chuma, kile cha kuweka wembe mmoja mwembamba wenye makali pande mbili, kifuniko juu, ukazungusha mpini ukakaza. Gillette alipewa hataza ya kitu cha namna hiyo huko Marekani mwaka 1904, na tangu hapo umbo halijabadilika sana. Chuma cha baba kilikuwa kimechakaa mpaka rangi ya fedha imetoka sehemu ya vidole. Kulikuwa na paketi ya nyembe za Nacet. Kulikuwa na kipande cha shabu kilicholainika pembe zote. Na brashi. Brashi hiyo tuliijua tangu utotoni kwa sababu ya hadithi yake: alikataa mbili tatu dukani mpaka mwenye duka akamwapia kwamba hii ni nywele za farasi, si za nguruwe. Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia brashi za nywele za farasi ambazo hazikusafishwa vyema ziliwapa watu kimeta huko Uingereza na Marekani. Nashukuru siku ile sikulijua hilo, maana mikono ilikuwa ikitetemeka tayari.

Kabla hata sijakaa, akanishika kidevu kwa mkono wake mzima, akanigeuza uso upande wa mwanga. Mimi wakati huo nilikuwa nikinyoa asubuhi kabla ya kwenda kazini kwa vile vinyoleo vya plastiki vya nyembe tatu, maji kidogo, sabuni ya kuogea, haraka haraka. Shingo ilijaa vipele na madoa meusi, na kola ya shati ilikuwa adhabu.

"Shingo hii fenesi," akasema. "Maji yako wapi?"

Yalikuwa kwenye birika. Nikachovya kitambaa, nikakikamua, nikamzungushia shingo. Nilidhani ni jambo la kufanya mara moja tukaendelea. Kikapoa, akasema rudisha. Kikapoa tena, akasema rudisha. Nikaanza kuona kazi yenyewe iko hapo. Unywele mkavu ni mgumu. Ukishanyonya maji huvimba na kulainika, na wembe ukiufikia hauvutani nao, unaukata tu. Nusu ya mateso ya shingo yangu yalitokana na kunyoa kukavu. Alipoona nimeelewa, au pengine alipochoka kuungua, akaelekeza kidole kwenye brashi.

Sabuni yake ilikuwa kwenye kikombe cha bati. Nikazungusha, povu likatoka jepesi, lenye mapovu makubwa. "Hilo la kufulia," akasema. Nikapunguza maji, nikazungusha tena mpaka likawa zito, likasimama juu ya brashi bila kudondoka. Nilipoinua brashi kumpaka, akanizuia.

"Papasa kwanza."

Sikumwelewa. Akachukua kidole changu, akakiweka chini ya taya lake la kulia, akakivuta kwenda chini. Laini. Akakirudisha juu: kikakwaruza. Kisha akaniachia niendelee mwenyewe, macho ameyafumba, akinisomea kabla sijafika. "Hapo zinashuka. Hapo kwenye koromeo zinalala upande. Chini kabisa, karibu na mtulinga, zinapanda. Upande wa kushoto chini ya sikio, zinakwenda nyuma." Na ilikuwa kweli, pote. Nilikuwa nimenyoa shingo yangu miaka yote hiyo kwa kuvuta wembe kutoka chini kwenda juu, mvuto mmoja, kana kwamba vinywele vyote vimeota kwa amri moja. Yeye shingo yake aliijua kama njia ya kwenda msikitini usiku umeme umekatika.

Nikapaka povu, nikashika chuma.

Ngozi ya mzee ina mambo yake. Imelegea, ina mikunjo, na wembe ukiingia kwenye mkunjo hautoki bila kuondoka na kitu. Nilivuta ngozi ya shingo kwenda chini, akanung'unika. "Vuta kwa juu. Nyuma ya sikio." Nikaweka vidole viwili nyuma ya sikio, nikavuta taratibu, na shingo nzima ya upande ule ikanyooka mbele yangu. Halafu mpini. Nilikuwa nimeuinua sana, makali yanakwangua. Akaniambia niushushe kidogo kidogo mpaka wembe uguse kwa ubavu. "Usikandamize. Chuma kina uzito wake." Hapo ndipo nilipotofautisha kinyoleo kile na vyangu vya plastiki: cha plastiki hakina uzito wowote, kwa hiyo mkono hujikuta unakandamiza wenyewe.

Mvuto mfupi. Suuza. Mvuto mfupi. Kila mahali kwa jinsi vinywele vilivyolala, kama alivyonisomea. Palipokuwa laini pakabaki kipande cha ngozi safi katikati ya povu jeupe, na wembe ulikuwa na kisauti kidogo ambacho niliacha kukisikia kila nilipopita mara ya pili bila kuongeza povu. Ukimya huo nao akaukemea. "Pakavu hapo. Paka."

Koromeo lilinitisha zaidi. Linapanda, linashuka, na chini yake hakuna nyama. Akameza mate, akabana pumzi, na kwa mkono wake wa kushoto akaisogeza ngozi ya koromeo upande mmoja mpaka ikalala juu ya misuli ya shingo, mahali palipo tambarare. Nikanyoa pale. Akaiachia ikarudi zake, imeshanyolewa. Mchezo huo bado nautumia.

Damu ilitoka mahali nisipopategemea, kwenye mkunjo chini ya taya, wakati nilikuwa nimeshaanza kujiona fundi. Kitone kimoja chekundu ndani ya povu. Kisha kikawa mstari. Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, sijui tangu saa ngapi, na sikuthubutu kumtazama.

"Shabu," baba akasema, bila hata kufumbua macho.

Nikakichovya kile kipande majini, nikakibana pale. Shabu inakaza ngozi na kuigandisha damu. Sisi nyumbani tulikijua kijiwe hicho kwa kazi nyingine, mama akinunua Marikiti na kukizungusha kwenye maji ya kisima ili tope litue chini. Mtu mwingine ingemtosha kugusa tu. Kwa baba na aspirini yake nilibana, nikainua, damu ikarudi, nikabana tena. Alasiri yote ikakusanyika kwenye kidole changu. Mama akaleta pamba. Mwishowe ikakata. Mama akarudi jikoni akisema maneno ambayo mtu aliyefunga hapaswi kuyasikia.

Nilidhani tumemaliza. Baba akapitisha mgongo wa vidole shingoni, si kiganja. Vidole, akaniambia, kiganja kinadanganya. Vikasimama chini ya sikio la kushoto. "Bado." Kitambaa cha moto tena, povu tena, na safari hii wembe ukapita kwa kukingama vinywele, kutoka upande hadi upande. Nikataka kumalizia kwa kwenda kinyume kabisa, kama nilivyozoea, ili pawe laini kweli kweli. Akakataa.

"Kwa nywele zetu hizi, kinyume hapana."

Hakueleza zaidi, ulimi ulikuwa umechoka. Lakini sababu yake ni rahisi. Unywele wa kipilipili uliokatwa kwa kuvutwa kinyume hubaki ndani ya ngozi, na ncha kali. Ukianza kuota unajikunja, unatoboa ngozi kutoka ndani au unarudi kuichoma kutoka nje, na mwili unaupiga vita kama mwiba. Hicho ndicho kipele. Nyembe tatu zikifuatana huongeza balaa, maana wa kwanza unauinua unywele na wanaofuata wanaukata chini zaidi. Shingo yangu ilikuwa ushahidi uliokaa mbele yake.

Maji baridi, shabu shingo nzima, taulo la kugusa tu bila kusugua, na tone la mafuta ya nazi. Akaomba kioo. Akajitazama kulia, akajitazama kushoto, akarekebisha mstari wa taya kwa macho, akanirudishia.

"Badilisha wembe, wewe kaa hapa."

Adhana ya magharibi ikatukuta mimi nina povu shingoni na kioo mkononi, yeye akiniamuru kutoka kitini.

Asubuhi tulimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi uwanja wa Ronald Ngala, kanzu nyeupe, kofia ya vito, shingo inang'aa. Baada ya swala wazee wenzake wa baraza walikuja kumpa mkono wa Idd, na mmoja wao alichelewa kidogo kuuachia, akimtazama chini ya ndevu. "Nani kakunyoa wewe?"

Baba akanielekezea kidevu.

Alhamisi iliyofuata, baada ya alasiri, mlango ukagongwa. Alikuwa ni yule yule mzee, na wembe wake mpya kaufunga kwenye karatasi ya gazeti. "Shikamoo, mzee," nikasema. "Marahaba. Ndevu usiziguse," akasema, huku akipita moja kwa moja kuelekea uani, "shingo tu." Kutoka kitini kwake baba alikuwa ameshaanza kuniagiza maji.