Dubu, mti wa kaki na ile redio

Aliyenishauri niwashe redio simtaji, ila akisoma hapa atajijua. Ni mgeni mwenzangu, kanizidi miaka mingi hapa Japani, na aliongea kama aliyewafuga: "Dubu anaogopa sauti za watu. Tundika redio mtini, iache iimbe usiku kucha, kazi kwisha." Nikanunua karedio ka betri, nikakatundika kwenye mti wetu wa kaki, nikaenda zangu kulala.

Asubuhi nakuta matawi mawili yamevunjwa, gome limechanwa mistari ya kucha kuanzia usawa wa kifua changu kwenda juu, na chini ya mti kuna lundo la kinyesi cha rangi ya chungwa, limejaa mbegu za kaki: bapa, za kahawia, nzima kabisa kama zimeoshwa. Karedio kalikuwa bado kanaimba. Mheshimiwa alikula kwa muziki.

Kwa asiyejua, kaki hii si ile ya kaptula za shule. Ni tunda, ukubwa wa nyanya kubwa, rangi ya chungwa la kwenye picha (kwetu Muheza chungwa linaiva likiwa kijani, msinibishie). Naishi Nagai, mkoa wa Yamagata, kwa wakwe zangu. Mke wangu nilimpata Morogoro alipokuja kujitolea, na nyumba tunayokaa ni ya marehemu bibi yake. Mji huu ulikuwa mwenyeji rafiki wa Tanzania kwenye Olimpiki ya Tokyo, kwa hiyo bendera yetu wanaijua. Babu jirani aliposikia natoka Tanzania alisema neno moja tu: "Ikangaa!" Kisha akanisimulia kwa mikono na miguu marathoni ya Fukuoka ya 1983, jinsi Mjapani Seko alivyompita mwanariadha wetu Juma Ikangaa pale mwisho kabisa. Tangu siku hiyo ananiita Ikangaa-san, mimi ninayehema kwa ngazi za ghorofa moja.

Kwetu vuli ni mvua. Huku vuli ni milima kugeuka rangi, kereng'ende wekundu kutua hadi kwenye kamba ya nguo, na kipaza sauti cha mji kutangaza kwamba dubu kaonekana karibu na daraja fulani. Watoto wanakwenda shule kengele zikilia mabegini. Vuli ya 2025 ilikuwa mbaya zaidi. Mbegu za miti ya buna, ambazo dubu hunenepea kabla ya kulala usingizi wa baridi, zilikosekana milimani, basi wakateremkia kwa watu. Mkoa jirani wa Akita ulifika hatua ya kuomba wanajeshi waje kusaidia kubeba mitego. Na kinachowaita uani ni miti kama wetu: nyumba ilikaa tupu miaka kadhaa, kaki ikaiva kila mwaka, hakuna wa kuchuma.

Dawa, basi, ni kuchuma yote. Mke wangu akasema tumlipe mtu. Nikacheka. Mtoto wa Muheza, niliyepanda minazi na mifenesi tangu sijaanza shule, nimlipe mtu kwa mti wa mita sita?

Nikavua viatu, nikapanda. Babu akaniona kwa mbali akiwa shambani kwake, akaanza kupunga mikono na kupiga kelele: "Dame! Dame!" Neno hilo nalijua, maana yake haifai, acha. Nikadhani ananinyima matunda. Nikamwambia kimoyomoyo, mzee, mti ni wa mke wangu. Nikakanyaga tawi nene kama mkono wangu, nikanyoosha mkono kwa lile tunda zuri la mwishoni.

Mwembe ukielemewa unalia kwanza, unapinda, unakupa nafasi ya kutubu. Mkaki hauna salamu. Tawi zima lilikatika kama chaki, nikaja chini na ndoo yangu, makalio yakatangulia kwenye majani mabichi ya umande, kaki zikanimiminikia kichwani moja moja. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba mtoto wa huku hukatazwa kupanda mti huo tangu akiwa mdogo, kwa sababu hiyohiyo. Babu alikuja mbio, uso umempauka kwa hofu. Bibi, mke wake, alicheka hadi akachuchumaa.

Ili kuficha aibu nikaokota kaki moja pale chini nikaing'ata kiume. Nayo ikawa ile ya ukakasi. Mnaijua ndizi mbichi ukiikwangua kwa meno? Zidisha mara kumi. Ulimi ukavaa sufi, mashavu yakaingia ndani, maneno yakagoma kutoka. Safari hii Bibi alikaa chini kabisa.

Babu akaniletea fimbo yake ya alumini, ile inayorefuka, yenye mkasi mwishoni unaokata kikonyo na kukibana hapohapo ili tunda lisidondoke. Yangu nimeshanunua, yeni elfu nne na kitu, labda tano, mke ndiye anayejua. Jioni mbili tukamaliza. Ndoo nilihesabu hadi kumi na moja nikachoka. Mkichuma za kukausha, kateni na kipande cha kijiti kikae kama herufi T, kamba ipate pa kushika. Mimi ndoo ya kwanza nzima nilizikata zikawa vipara, zikaishia kulowekwa vikonyo kwenye pombe ya asilimia 35 na kufungwa kwenye mfuko ili ukakasi utoke. Mimi nisiyekunywa nikapanga foleni dukani na chupa mbili kubwa saa tatu asubuhi.

Zenye vijiti tulimenya, tukafunga kambani, tukachovya maji yanayochemka sekunde kumi, tukatundika barazani. Mvua ikanyesha siku tatu, zikaota ukungu wa kijani. Kuzitupa bustanini ni sawa na kumwandikia dubu barua, kwa hiyo zilikaa ndani hadi siku ya taka. Awamu ya pili nikatundika chumba cha juu na kuwashia feni, usiku na mchana. Baada ya wiki unazikanda kwa vidole polepole, kama unavyopima embe sokoni. Nisifiwe: hata Babu aliomba za kupeleka kwa dada yake.

Zile kamba ziliingia na vidudu vya kijani vinavyonuka. Usiviguse. Kata chupa ya plastiki kichwa, kigeuze chini juu kama faneli ya kumiminia, weka maji ya sabuni, isogeze chini ya mdudu. Anajiachia mwenyewe.

Babu alipokuja kukagua akaridhika, kisha akanyoosha kidole juu: acha moja. Wanaiita kimamori, mlinzi wa mti, ya ndege na ya kuuombea mti uzae tena. Nikamuuliza, na dubu je? Akawaza kidogo, akasema basi acha ile ndogo.

Dubu hakurudi. Theluji ya kwanza ilipoanguka akaja ndege wa kijivu mwenye kelele, akala nusu, kesho yake akamalizia. Kikofia cha lile tunda bado kinaning'inia kileleni.