Panga lenye damu, kutoka eneo la tukio hadi mahakamani

Mpelelezi mgeni kazini akiliona panga lenye damu chini, mkono humtangulia. Asiliguse. Kwanza picha: ya eneo zima, ya kati inayoonyesha panga na kitu cha jirani, kisha za karibu, moja bila rula na nyingine rula ikiwa kando yake. Halafu vipimo, kutoka alama mbili zisizohama, mfano kona ya nyumba na nguzo ya umeme. Ukipima kutoka kona peke yake, panga linaweza kuwa popote kwenye duara lililoizunguka, na wakili wa utetezi atakuuliza lilikuwa wapi hasa. Gari lililoegeshwa si alama, kesho halipo.

Kwenye kufunga ndiko kunakoharibika zaidi. Damu mbichi ikitiwa kwenye mfuko wa nailoni, unyevu unabaki ndani, bakteria na ukungu wanakula vinasaba (DNA) kabla maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali haijavipima. Nguo ianikwe ndani, kivulini, juu ya karatasi safi, kila moja na karatasi yake, kisha iingie bahasha ya kaki. Panga lifungwe kwa kamba kwenye boksi gumu, makali yasisuguane na kitu. Glovu zibadilishwe kwa kila kielelezo, yaani kila kitu kitakachopelekwa mahakamani. Na askari aliyeshika nguo za marehemu asitumwe kwenda kumvua mtuhumiwa shati, asije akalihamishia damu! Hili husahaulika sana vituo vyenye watu wachache.

Weka lakiri (muhuri wa kufungia), saini juu ya mkunjo. Maabara wakifungua, wakate upande mwingine ili lakiri ya kwanza ibaki.

Kisha makaratasi. Hati ya ukamataji, inayoorodhesha vitu vilivyochukuliwa, ijazwe palepale, isainiwe na mwenye mali au mkaazi pamoja na shahidi. Usiandike "panga moja" tu. Andika urefu, mpini wa mbao au plastiki, pengo liko wapi kwenye makali. Kila linapobadilisha mikono, jina, tarehe, saa na saini. Katika rufaa ya Paulo Maduka na wenzake (Na. 110 ya 2007), Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitaka mfululizo huo uonekane kwa maandishi: kukamatwa, kutunzwa, kukabidhiwa, kupimwa. Baadaye mahakama hiyo ililegeza kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi, ambapo ushahidi wa mdomo unaweza kutosha, lakini mpelelezi asiutegemee ulegevu huo: mapanga ya dukani yanafanana.