Bei za nyumba na digrii za majirani: Lowell na Lexington, Massachusetts

Lowell ina jamii kubwa ya Wakenya, na anayetaka kununua nyumba huko hakosi kuambiwa atazame Lexington: zaidi ya watu wazima wanane kati ya kumi wana digrii, na nyumba ya kawaida imepita dola 1,000,000. Lowell wenye digrii ni kama robo, na bei haifiki nusu ya hiyo, kana kwamba digrii za majirani ndizo zinazopandisha bei. Takwimu hizo ni za kweli. Kilichopinda ni ulinganisho wenyewe.

Ingia data.census.gov, chagua ACS (utafiti wa sampuli wa Idara ya Sensa ya Marekani) ya miaka 5, halafu Middlesex County, kaunti yenye miji yote miwili, kwa ngazi ya County Subdivision, maana ndiyo inayotoa miji yote ya kaunti. Jedwali B25077 ni bei ya kati ya nyumba, jedwali S1501 ni elimu ya walio na miaka 25 na zaidi. Hapo ndipo wengi hukosea: bei ni ya nyumba wanamoishi wenyewe wenye nyumba, ilhali elimu inahesabu na wapangaji. Lowell zaidi ya nusu ya kaya zimepanga. Kwa hiyo unapima bei ya nyumba za hawa kwa vyeti vya wale! Dawa yake ni B25013, inayotenga elimu ya wakuu wa kaya wenye nyumba na ya wapangaji. Tumia hiyo.

Bei ya B25077 pia ni makadirio ya mwenye nyumba mwenyewe, na aliyenunua zamani huweza kubahatisha vibaya. Bei halisi ziko kwenye hati za mauzo, masslandrecords.com: Lowell iko chini ya ofisi ya usajili ya Middlesex Kaskazini, Lexington iko chini ya ile ya Kusini. Futa hati za dola 1 au 100. Hizo mara nyingi ni za ndugu kuhamishiana mali.

Kwa miji midogo angalia ukingo wa makosa (margin of error), yaani kiasi ambacho takwimu ya ACS huweza kukosea. Chukua kingo za miji miwili, zidisha kila mmoja kwa wenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Tofauti ya takwimu za miji hiyo ikiwa ndogo kuliko jibu, usiijengee hoja.

Halafu kuna digrii zetu sisi Wakenya. Sensa haiulizi ulisomea wapi, hivyo mhasibu wa Nairobi anayeendesha lori huhesabiwa msomi sawa na mhandisi wa Route 128, barabara kuu yenye kampuni nyingi za teknolojia. Benki haikopeshi kwa cheti. Weka B19013, mapato ya kaya, kando ya elimu. Lexington imepakana na kampuni za 128, shule zake zinasakwa, na viwanja ni vikubwa kuliko vya Lowell. Vitu hivyo hupandisha bei na kuvuta wenye digrii kwa pamoja.

Anayefanya kazi upande wa I-495, barabara kuu inayopita Lowell, aanze na Lowell, Dracut na Chelmsford. Safari ya kazini hapo haitofautiani sana, kwa hiyo pengo la bei linalobaki linasomeka vizuri zaidi.