Petali za Zuzu

Katika mkesha wa Krismasi nilitazama tena It's a Wonderful Life, filamu ya Frank Capra ya mwaka 1946, na kama kawaida machozi hayakusubiri majirani wamimine fedha mezani kufidia zile dola 8,000 zilizopotea, bali yalinitoka mapema zaidi, pale darajani, theluji inapoanza kudondoka upya na George Bailey, anayeigizwa na James Stewart, anapopapasa mfukoni na kukuta petali za ua la binti yake Zuzu. Mdomo unamvuja damu, naye anashangilia, kwa kuwa damu na petali ni ishara kwamba amerudi katika maisha yake, baada ya kuonyeshwa dunia ambamo hakuwahi kuzaliwa! Theluji yenyewe, niwaibie siri, ilitokana na povu la kuzimia moto lililochanganywa na sabuni. Mke wangu alininyoshea leso bila kusema neno.