Vile nilifunga turbo kwa moto (pikipiki) yangu hapa Goma na dolari 545 (na turbo haikuwa shida)

Kila mara nasimamisha moto pale Birere lazima mtu ainame, aangalie ile konokono ya chuma iko chini ya tanki, njo turbo, inazungushwa na moshi ya moteri isukume hewa ndani yake, kisha aulize swali moja tu: inakimbia ngapi? Hakuna hata mmoja mwenye alishaniuliza mafuta (oili) ya turbo inarudia wapi. Na hiyo njo swali, sha. Turbo yenyewe nililipa dolari 50 na kuifunga ni siku mbili, mafuta ilinikula miezi saba.

Ilianza mwisho wa 2020. Nilipata kadre (fremu) ya Honda XL 125, zile zenye ba ONG (mashirika ya misaada) walikuwa wanatembea nazo zamani, haina moteri, haina siti, freni ya mbele tu ndio ilikuwa inashika, dolari 170. Moteri nikatoa kwa trisikli ya kubeba mizigo yenye ilipinduka, ya Kichina, cc 200, inapozwa na maji, dolari 140 pamoja na radiateri yake. Batu walicheka sana juu ya hiyo moteri. Lakini piesi zake ziko kila kona ya mji, na moteri ya maji inavumilia joto kuliko ile ya hewa tupu, na turbo ni joto kaka, hakuna kingine.

Sasa kwa nini turbo? Angalia, Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, presha ya hewa hapa ni kama bar 0.85 hivi wakati kule Mombasa ni 1. Maana yake moteri yoyote inafika hapa ikiwa imeshaibiwa kama 15 kwa mia ya pumzi yake hata kabla hujapanda mlima. Ukiongeza presha ya 0.3 tu umefika 1.15, umerudisha yenye ilipotea na ukaongeza kidogo. Mi sikutaka kukimbizana na mtu, nilitaka kupanda mlima wa Kibumba na mtu nyuma na gunia la viazi bila kushuka gia ya pili. Hata Wajapani walijaribu zamani, Honda ilitoa CX500 Turbo ya kiwanda, watu walianza kuipata 1982, Yamaha na Suzuki na Kawasaki wakafuata, na baada ya miaka michache wote wakaacha. Mi nilisoma hiyo nikasema basi, kama hawa wenye pesa waliacha, mi wa kadre ya 170 ni nani, lakini turbo nilikuwa nimeshainunua.

Ilitoka kwa kagari kadogo ka Kijapani, ka silenda tatu cc 660, turbo ya IHI, inakaa kwa kiganja kama embe. Unaona ni ndogo kabisa, lakini kwa moteri ya 200 bado ni kubwa mno, juu ile 660 inapumua mara tatu ya yangu. Kwa hiyo chini hakuna kitu, unavuta gazi (mkono wa mwendo) na moto iko inatembea kawaida kabisa, mpaka moteri ianze kulia juu kabisa njo turbo inaamka. Tena silenda moja inapumua kwa vishindo, inavuta hewa mara moja kisha inangoja, turbo haipendi hiyo. Lazima uweke kastoki ka hewa katikati ya turbo na karbirateri (kabureta). Kastoki kangu ni chupa ya ekstinteri (kizima-moto) ya gari, ile nyekundu ya kilo moja, nilitoa unga wote, suderi (fundi wa kulehemu) akakata matundu mawili akaweka tuyo (bomba). Rangi sikubadilisha.

Turudi kwa mafuta. Mara ya kwanza nilifunga turbo mbele chini, karibu na pale mguu wa kuume unakanyaga freni, ilikuwa inapendeza sana. Nikatoa mafuta kwa njia ya presha ya moteri, nikarudisha kwa karteri (tumbo la moteri penye mafuta inakaa) na duriti (mpira). Tukawasha. Dakika ya kwanza sawa, dakika ya tatu moshi ya buluu ikajaza parseli (kiwanja) yote mpaka mama wa jirani akatoka na ndoo ya maji akizani nyumba inaungua. Nikabadilisha turbo, nikajua ile imekufa, nikaweka nyingine ya mkopo, moshi ile ile.

Mzee mmoja turneri (fundi wa kuchonga vyuma) wa Majengo, mwenye alifanya kazi za chuma tangu mi sijazaliwa, alikuja akaangalia bila kusema kitu, kisha akachukua chupa ya maji akaiweka chini, akaniuliza, "Mwanangu, maji inapandaka yenyewe?" Nikasema hapana papa. "Sasa hii mafuta nani anaipandisha?" Bwana! Mafuta inaingia turbo na presha lakini inatoka kwa uzito wake tu, kama mvua kwa mabati. Turbo yangu ilikuwa chini kuliko kimo cha mafuta ndani ya karteri, basi inajaa, inakosa pa kwenda, inapita kwa sili (vizuizi vya mafuta) inaingia ishapema (bomba la moshi). Turbo ya kwanza ilikuwa nzima kabisa.

Basi tukaihamisha juu, chini ya tanki, duriti ya kurudi nene kama dole gumba na inashuka moja kwa moja bila kona. Juu ya hiyo ishapema yote ikatengenezwa upya. Na hapo hapo tulifanya kosa lingine, tuliacha tuyo ya ishapema ibebe turbo peke yake, na kwa haya mabarabara yetu ya mawe ya volkano ilipasuka siku ya pili. Sasa kuna mkono wa chuma kutoka kwa kadre unaishika.

Katikati ya hayo yote volkano yetu Nyiragongo ikalipuka, 22/5/2021, usiku. Lava ilisimama Buhene, pembeni ya mji, kwetu haikufika. Lakini ile tarehe 27 asubuhi tuliambiwa tuhame, matetemeko yalikuwa hayaachi, batu wote barabara ya Sake, kwa miguu, kwa chukudu (kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili), godoro kichwani. Mi nilibeba dada yangu mdogo, nguo, na turbo ndani ya mfuko wa shule. Karibu na Mugunga mama akashika ule mfuko akasema huu una nini ndani uzito hivi, nikasema dokima (hati) za nyumba. Mpaka leo anazani ni dokima.

Tuliporudi Juni nikaanza karbirateri. Kwanza nilikuwa nimeiweka kabla ya turbo, turbo inavuta hewa na esansi (petroli) pamoja, ni njia rahisi na wengi wanaanzaka hapo. Lakini ukifunga gazi turbo inabaki inanyonya tu, inavuta mafuta yake yenyewe kupitia sili, na esansi inaanguka matone matone ndani ya tuyo. Nikaigeuza, turbo inapuliza ndani ya karbirateri. Moto ikakata kila mara presha inapanda! Kumbe turbo inasukuma ndani ya karbirateri na esansi inashuka kutoka tanki kwa uzito tu, haina nguvu ya kuingia. Unahitaji vitu viwili. Ile njia ndogo ya pumzi ya kikombe cha karbirateri uiunganishe na ekstinteri ili presha iwe sawa pande zote, kisha pompi ya umeme. Mi nilipata pompi na regilateri ya gari ya enjeksheni, vyote 30, nikatoa springi ngumu ya regilateri nikaweka laini, na kale kaduriti kake ka hewa nikakapeleka pia kwa ekstinteri, turbo ikiongeza nayo inaongeza. Esansi yenye inazidi inarudi tanki. Kwa siku kama nne nilikuwa nanuka esansi kama kadafi (muuza esansi) wa barabarani.

Kompresheni (vile moteri inabana hewa) nilishusha na plati ya aluminiamu ya milimita 2 chini ya silenda, kutoka 9 mpaka karibu 7.4. Rahisi, eh? Ila ile moteri valvu zake zinasukumwa na fimbo mbili kutoka chini, ukiinua silenda fimbo zinakuwa fupi. Mzee akaongeza vikofia vya chuma juu ya fimbo, akanilipisha soda moja. Na alimaji (wakati wa cheche) nikachelewesha kidogo, juu esansi ya kununua kwa chupa huijui imechanganywa na nini, na moteri yenye turbo ikianza kugonga hautasikia mara ya pili, pistoni inatoboka.

Presha napima na manometri (kipimo cha presha) ya fundi kwado (wa matairi), imekwama kwa 0.3 na sitaki zaidi. Ambreyaji (klachi) iliteleza wiki ya kwanza, nikaweka vikombe vidogo chini ya springi, imeshika. Filtri ndio usicheze nayo kabisa. Nilitembea siku tatu bila filtri ili niskie ile filimbi yake, na lile vumbi leusi letu ni kama msasa, meno ya ile gurudumu ya hewa yalilika mpaka unaona kwa macho. Ile ya mkopo ndiyo iko inafanya kazi sasa.

Mahesabu: kadre 170, moteri 140, turbo 50, turneri na suderi 95, pompi na regilateri 30, duriti na kolieri (vibano) na bulo (bolti) 60. Mafuta ya moteri yenye nilichoma kama moshi sikuandika, ningeandika ningeacha.

Kibumba sasa napanda na gia ya nne, mtu nyuma. Esansi inakula, sitadanganya. Navidanji (nabadilisha mafuta ya moteri) kila kilomita 500, na kabla ya kuzima naiacha relanti (inanguruma polepole) dakika mbili turbo ipoe, bamotari (waendesha pikipiki) wananicheka kama nangoja mtu ndani ya nyumba.

Juzi askari wa barabarani alinisimamisha, akazunguka moto polepole akitafuta kosa, akafika kwa ile chupa nyekundu, akasoma maandishi, akaangalia tarehe. Akaniambia, "Wewe kijana uko serious, hata magari hayanaga. Ila hii imeisha muda, ukabadilishe."