Hatua Tano za Hou Yifan

Barazani kwetu Ujiji, chini ya mwembe, tunacheza drafti kwa vizibo vya soda, na mtu akiacha mchezo kabla haujaiva tunasema amesusa. Sataranji wanaijua wachache, kwa hiyo nilipoeleza habari za Hou Yifan, mchezaji wake mwanamke kutoka China, ilinibidi nipange kete zenyewe ubaoni.

Alizaliwa mwaka 1994 huko Xinghua, jimbo la Jiangsu, akapata cheo cha ugwiji mkuu, kilicho cha juu kabisa katika sataranji, akiwa na miaka 14, na mwaka 2010, akiwa na miaka 16, akawa bingwa wa dunia wa wanawake. Taji hilo alilipoteza mwaka 2012 katika mashindano ya mtoano, ambamo michezo miwili mibaya inatosha kumrudisha bingwa nyumbani. Akalitwaa tena mwaka 2013, na tena mwaka 2016. Baadaye alijiondoa katika kuwania taji hilo kwa kuwa hakuukubali utaratibu huo wa mtoano, na mimi naona alikuwa na haki, maana bingwa hapimwi kwa siku moja.

Lakini kilichozua ubishi barazani ni Gibraltar, mwaka 2017. Katika mashindano yaliyochanganya wanaume na wanawake, alipangiwa wanawake saba kati ya wapinzani kumi, ilhali yeye alikwenda kujipima na yeyote yule. Waandaaji walisema kompyuta ndiyo iliyopanga. Raundi ya mwisho, akiwa na kete nyeupe dhidi ya Lalith Babu wa India, alisukuma nyumba mbili askari aliye mbele ya farasi wa upande wa mfalme, kisha akasogeza wa jirani yake, akaacha mlango wazi; malkia mweusi akaingia, na mfalme akalazimika kutoka nje kama mtu aliyeunguliwa na nyumba. Baada ya hatua tano alikubali kushindwa, na baadaye akawaomba radhi mashabiki.

Mzee mmoja aliutazama ubao kwa muda mrefu, akasema, “Huyu hakufungwa, wanangu. Huyu amesusa.” Vijana wakapinga kwamba mlipa kiingilio hakustahili kufanyiwa hivyo, na hoja hiyo sikuweza kuipangua.

Mwaka huohuo alishinda mashindano ya Biel, Uswisi, mbele ya wanaume, kisha akaenda kusoma Oxford. Mwaka 2020, akiwa na miaka 26, akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Shenzhen. Nilipompelekea mzee habari hiyo, hakuinua macho. Alikuwa amebakiza vizibo vitatu, na zamu ilikuwa yake.