Kiwanja Nilichopewa Kedang Pahu

Ardhi ya kwanza niliyowahi kupewa, si kwa urithi wala kwa kununua, iko Borneo, ukingoni mwa mto Kedang Pahu, wilaya ya Kutai Barat, jimbo la Kalimantan Mashariki nchini Indonesia. Ilikuwa Januari 2020. Nilikuwa nasomea misitu Samarinda kwa ufadhili wa serikali yao, na muhula ulipofungwa mwanafunzi mwenzangu, Mdayak, yaani mwenyeji wa asili wa Borneo, wa kabila la Benuaq, akaniambia twende kwao nikaone msitu wenye wenyewe. Jina la kijiji sitalitaja, kwa sababu shauri la ardhi ninalosimulia bado halijaisha.

Boti za kwenda juu ya mto Mahakam huondoka asubuhi kwenye bandari ya Sungai Kunjang, hapohapo Samarinda. Ni za mbao, za ghorofa mbili. Wasafiri wa mbali hulala juu kwenye magodoro yaliyopangwa bega kwa bega, na chini hupakiwa saruji, trei za mayai, mchele, pikipiki. Kutwa nzima tulipishana na matishali ya makaa ya mawe yakivutwa kuelekea baharini, kila moja limebeba kilima cheusi. Rafiki yangu alikuwa amelala. Ameyazoea tangu utotoni. Mimi nilikaa ukingoni nikiyatazama mpaka jua likazama, na moyoni nilikuwa nawaza Rufiji, kwa sababu miezi michache nyuma, Julai 2019, lilikuwa limewekwa jiwe la msingi la bwawa kubwa kwenye mto wetu, na kila niliyezungumza naye nyumbani alikuwa na neno juu ya mto ule.

Kabla ya alfajiri tulishuka Muara Pahu, pale Kedang Pahu unapoingia Mahakam, tukahamia kwenye mtumbwi mwembamba wenye mashine ya mkia mrefu, ketinting wanavyoiita. Maji ya Kedang Pahu yana rangi ya chai ya rangi, kwa sababu yanapita kwenye vinamasi vya mboji. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na mto ulikuwa umejaa, kwa hiyo tulikwenda vizuri. Kiangazi ni habari nyingine: maji yakipungua watu hushuka wakausukuma mtumbwi, na mgonjwa akizidiwa usiku wa kiangazi, familia hukaa ikipiga hesabu ya saa.

Nyumba yao ilisimama juu ya nguzo za ulin, mti mgumu ambao fundi akiupigilia msumari, msumari ndio unaopinda. Kwenye nguzo ya mbele palikuwa na mikato ya panga, mmoja juu ya mwingine, na niliielewa kabla sijaambiwa. Ni alama za mafuriko. Mimi ni mtoto wa Ikwiriri, Rufiji. Bibi yangu alilelewa bondeni, kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, wakilima mpunga na kusubiri maji yapungue wapande mlau, mazao ya kwenye unyevu ulioachwa na mafuriko. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu wa bonde ikawapeleka vijiji vya juu, na bibi mpaka anazeeka aliliita bonde "kwetu" huku akiishi kwingine. Nilipoishika ile nguzo nikaiona mikato inapita urefu wangu, nilitamani bibi angekuwepo aione nyumba ambayo haikuhamishwa.

Mama mwenye nyumba alitupakulia wali wa mpunga wa mlimani, samaki wa mtoni kwenye mchuzi mchachu, na doriani lililochachushwa kwa chumvi likapikwa na pilipili. Katikati ya jamvi palikuwa na lundo la shokishoki. Nilimwambia matunda yale nayajua, kwamba Unguja huuzwa mafungu kando ya barabara. Hakuamini. Alinitaka nieleze mti wake, majani yake, msimu wake. Nilipomaliza alimgeukia mwanawe wakasemezana kwa Kibenuaq, kisha akaniambia kwa Kiindonesia, "Mwanangu, pale chini ya bustani ya babu yenu pana mahali pazuri pa nyumba. Maji hayafiki. Jenga pale, ukirudi kutoka kwenu uwe na pa kufikia."

Nilidhani ni maneno ya ukarimu tu. Asubuhi Babu alikuja na panga kunipeleka.

Bustani ile kwa macho ya mgeni ni msitu. Wao wanaiita simpukng: midoriani mirefu, mifenesi ya kienyeji, milangsat, mishokishoki, na kati yake mihenzirani, mimea itambaayo ambayo mashina yake husukiwa viti na vikapu, yenye miba na imepanda juu kutafuta jua. Hakuna kilichoota chenyewe. Familia hufyeka kipande, hupanda mpunga msimu mmoja au miwili, na katikati ya mpunga huotesha henzirani na matunda, halafu hupaacha pajifunge. Baada ya miaka saba hadi kumi henzirani huanza kukatwa, na shina likikatwa vizuri huchipua tena. Babu alikuwa anagonga mti kwa ubapa wa panga na kumtaja aliyeupanda. Huu aliupanda shangazi yake. Huu ulipandwa siku ya kumzika fulani. Pale palikuwa na mihenzirani mingi, moto wa 1997 na 1998 ukaila yote, akapanda upya. Kisha bei ikamwangusha tena: Indonesia ilipopiga marufuku kusafirisha henzirani ghafi nje ya nchi kuanzia 2012, wakulima wa huku walibaki na wanunuzi wachache, na wengi waliacha kukata kwa sababu nauli ya mtumbwi ilikuwa inameza faida.

Ndiyo maana, nadhani, michikichi imepata mlango. Kijiji chenyewe kina maisha magumu kuliko mto unavyoonyesha. Umeme ulikuwa wa jenereta, magharibi hadi kabla ya usiku wa manane. Petroli ilikuwa ghali mno, na kule bila petroli huendi shambani, huvui, humpeleki mtoto shule. Mtandao wa simu ulipatikana sehemu moja tu, kwenye mwinuko nyuma ya kanisa. Vijana wengi walikuwa migodini au kwenye mashamba ya mawese. Anayekuja na fedha taslimu hasikilizwi na wajinga. Anasikilizwa na wazazi wenye ada ya kulipa.

Jioni ileile akaja dalali, kwa pikipiki, kupitia barabara ya magogo. Alikuwa mkwe wa jirani, mtu mwenye adabu, alivua viatu na kusalimia wazee kwanza. Alikuwa na fomu za barua ya mkuu wa kijiji inayothibitisha kuwa fulani ndiye mwenye kipande fulani. Tangu Agosti 2019, Rais Joko Widodo alipotangaza kwamba makao makuu ya nchi yatahamia jimbo hilo, kwenye eneo la Penajam Paser Utara na Kutai Kartanegara, kila mtu Kalimantan Mashariki alikuwa anazungumza viwanja. Kijiji hiki kiko mbali na huko, lakini dalali alisema ardhi ya jimbo zima itapanda, na kwamba kuna kampuni ya michikichi iko tayari sasa. Alichotaka ni bustani igawanywe kwa majina ya mtu mmojammoja.

Nilikielewa kilichokuwa kwenye zile fomu, kwa kuwa tulikuwa tumesoma jinsi kinavyofanya kazi. Bustani ya ukoo haiuziki, maana haina mtu mmoja wa kutia sahihi. Ikishakatwa kuwa barua kumi, inahitajika familia moja yenye shida, kisha ya pili, na wa mwisho anabaki kisiwa katikati ya michikichi bila njia ya kupita. Kampuni ikishapata haki ya kilimo kwa sheria ya ardhi ya 1960, inaweza kushikilia hadi miaka 35 na kuongezewa 25. Aliyezaliwa siku ya kusaini atairudia akiwa mzee.

Aliponiona akauliza mimi ni nani. Mama akamwambia, "Ni mwanangu, tumempa mahali pa kujenga." Dalali akaniambia kwa upole kwamba kama nataka kumiliki kweli, ninunue kwa jina la rafiki yangu, tuandikiane mkataba pembeni. Nikamjibu kwamba sheria hiyohiyo ya 1960 inampa umiliki kamili raia peke yake, na mauzo ya kumpitishia mgeni umiliki huo kwa mlango wa nyuma ni batili. Mgeni mwenye kibali cha kuishi anaweza kupata haki ya kutumia, si umiliki huo. Sikuona ubaya wowote katika hilo. Kwetu Tanzania, tangu sheria za 1999, mgeni hapati ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, na sitaki ibadilike. Bondeni kwetu watu walihamishwa na serikali yao wenyewe. Sembuse mwenye fedha za nje kuruhusiwa kununua tu.

Babu alikuwa kimya muda wote akimenya shokishoki. Akamuuliza dalali, "Doriani kubwa pale chini, kwenye karatasi yako ni la nani?" Dalali akasema ni la Babu. Babu akasema hapana, alilipanda baba wa mama yake. Akaanza kuwahesabu wenye haki nalo, na kwa kila mmoja aliweka ganda la shokishoki juu ya jamvi: huyu yuko Melak, huyu Samarinda, wale watatu wako Balikpapan, huyu ameolewa Malaysia, huyu amekufa lakini ana watoto wanne, akaweka maganda manne. Mama alimkumbusha waliosahaulika. Majirani walioingia kusikiliza nao wakajikuta wamo, wakachekelea kuwekewa maganda yao. Jenereta lilizimwa, ikawashwa taa ya betri, na hesabu ikaendelea. Na huo ulikuwa mti mmoja. Babu akamwambia, "Walete hawa wote wakae hapa. Wakikubali, nitatia kidole." Dalali alilala pale pale, akala asubuhi, akaondoka na fomu zake tupu. Hakuna aliyemtukana.

Lakini rafiki yangu hakulala. Alijua kwamba maganda ya shokishoki hayafiki wilayani. Mahakama ya Katiba ya Indonesia iliamua mwaka 2013 kwamba msitu wa kimila si msitu wa serikali, ila ukoo unaoutaka lazima utambuliwe kwanza na serikali ya wilaya, na kutambuliwa kunaanzia kwenye ramani. Kwa hiyo siku zilizobaki tuliizunguka bustani tukiwa na kifaa cha jipiesi tulichoazima chuoni, Babu mbele na panga, mimi nikiandika, miba ya henzirani ikituchana mikono. Kila tulipochukua alama Babu alitaka liandikwe jina la aliyepanda mti wa mpakani. Ramani ilipochapishwa ilikuwa imejaa majina ya marehemu, na mkuu wa kijiji aliipokea hivyohivyo, akapiga muhuri.

Kwenye kiwanja changu sikujenga. Fedha sikuwa nazo, na miezi miwili baadaye dunia ilifungwa kwa korona. Kabla ya kuondoka Mama alinipa miche ya henzirani nikaipanda kuzunguka pale, akanionyesha umbali wa kuachana na mti wa kuiegemeza. Alisema mtu akipanda, wote wanajua ni pake, na asipopanda hata muhuri haumsaidii.

Maombi ya ukoo bado yako wilayani. Mama hunipigia simu kutoka kule nyuma ya kanisa. Mara ya mwisho alisema mihenzirani yangu imeshika na imeanza kupanda, ila bei bado mbaya, akauliza ikikomaa aikate au aiache. Nikamwambia aiache.